Funksheni Si Endelevu: Je, Imebakiwa na Nini? Mwongozo Kamili wa Kupima Aina za Mwendelezo

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu anapewa funksheni, anaona grafu imekatika mahali, anaandika "si endelevu" na kuweka kalamu chini. Swali linalofuata linamuuliza kama funksheni hiyo hufikia thamani yake kubwa kuliko zote, au kama inaweza kuwa derivativu (yaani kasi ya mabadiliko) ya funksheni nyingine. Hapo anakosa hata pa kuanzia.

Mwendelezo hauvunjiki wote kwa mara moja. Fasili yake imebeba madai kadhaa, na dai moja likianguka mengine yanaweza kubaki yamesimama. Kazi yetu hapa ni kuchukua funksheni ya namba halisi, kuipima, kisha kuandika kwa uhakika ni madai gani yameanguka na yapi yamebaki.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Kwanza, fasili ya mwendelezo iliyoandikwa kwa ukamilifu juu ya karatasi yako, kwa sababu kila hatua itabadilisha neno moja au mawili ndani yake:

f ni endelevu katika nukta a ikiwa kwa kila ε > 0 kuna δ > 0 ambayo, kwa kila x, |x − a| < δ ikitimia basi |f(x) − f(a)| < ε.

Pili, funksheni tano za majaribio. Usizidharau kwa kuwa zinaonekana ndogo. Karibu kila dai la uongo kuhusu mwendelezo huangushwa na mojawapo ya hizi.

- A: f(0) = 1, na f(x) = 0 kwa kila x nyingine.
- B: f(x) = ⌊x⌋, yaani namba kamili kubwa kuliko zote zisizozidi x.
- C: f(x) = sin(1/x) kwa x ≠ 0, na f(0) = c. Namba c utaichagua mwenyewe.
- D: f(x) = 1 kama x ni namba wiano (inayoandikika kama sehemu ya namba kamili mbili), na 0 kama si wiano. Hii ni funksheni ya Dirichlet.
- E: f(x) = 0 kama x si namba wiano, na f(p/q) = 1/q sehemu ikiwa imerahisishwa hadi mwisho na q ni chanya. Hii ni ya Thomae.

Tatu, uwe unajua kutafuta kikomo cha juu na kikomo cha chini cha funksheni inapokaribia nukta. Kikomo cha juu ni thamani kubwa kuliko zote ambazo f huzikaribia x inapoisogelea a bila kuigusa. Cha chini ni ndogo kuliko zote. Tofauti na kikomo cha kawaida, hivi viwili vipo daima, ingawa vinaweza kuwa +∞ au −∞.

## Hatua ya 1: Funga nukta, andika f(a)

Kabla ya hesabu yoyote andika mistari miwili: nukta a ni ipi, na f(a) ni ngapi.

Sababu ni kwamba kikomo hakijali thamani ya f kwenye a yenyewe, lakini mwendelezo wa kila aina unaijali sana. Ukiangalia C utaona: kubadilisha c peke yake, bila kugusa nukta nyingine hata moja, kunabadilisha majibu ya karibu kila hatua inayofuata.

Tahadhari: usiseme "D si endelevu" kana kwamba ni sentensi moja. D katika √2 na D katika 1/2 ni maswali mawili, na huko mbele yatapata majibu tofauti.

Umefaulu ikiwa mtu mwingine anaweza kusoma mistari yako miwili akajua unachopima bila kuuliza.

## Hatua ya 2: Pima mtikisiko

Chukua kipande (a − δ, a + δ). Tafuta mpaka wa juu wa f ndani yake (namba ndogo kuliko zote ambazo f haizizidi), toa mpaka wa chini (kubwa kuliko zote ambazo f haishuki chini yake). Kisha punguza δ kuelekea sifuri. Namba unayoifikia ndiyo mtikisiko wa f katika a.

Mtikisiko ukiwa sifuri, f ni endelevu hapo, nawe umemaliza. Ukiwa mkubwa kuliko sifuri, si endelevu, na ukubwa wake unakuambia jeraha ni kubwa kiasi gani.

A katika 0 ina mtikisiko 1. B katika kila namba kamili, 1. C katika 0 ina mtikisiko 2 kama c iko kati ya −1 na 1; ukiweka c = 2 unakuwa 3, maana thamani 2 iliyowekwa pale 0 nayo inahesabiwa. D ina mtikisiko 1 kila mahali.

E inastahili kuangaliwa kwa utulivu. Chukua x isiyo wiano na ε yoyote. Sehemu ambazo 1/q ≥ ε ni zile zenye asili q ≤ 1/ε, na ndani ya kipande chenye urefu wa 1 sehemu za namna hiyo zina idadi yenye mwisho. Basi unaweza kupunguza δ mpaka zote zibaki nje. Ndani ya kipande kilichobaki, thamani zote za f ziko chini ya ε. Mtikisiko ni sifuri, na E ni endelevu katika kila namba isiyo wiano. Katika p/q, kwa hoja hiyo hiyo, mtikisiko ni 1/q kamili.

Umefaulu ikiwa una namba moja, si maelezo ya jinsi grafu inavyoonekana. Hakuna mchoro wa E au D unaoweza kukuonyesha kinachotokea, kwa hiyo zoea kutoutegemea.

## Hatua ya 3: Pasua thamani kamili vipande viwili

|f(x) − f(a)| < ε ni madai mawili yaliyofungwa pamoja:

- f(x) < f(a) + ε, yaani f hairuki juu ghafla;
- f(x) > f(a) − ε, yaani f haidondoki ghafla.

Dai la kwanza likishika peke yake, f ni nusu endelevu kwa juu katika a. La pili likishika peke yake, ni nusu endelevu kwa chini. Yote mawili yakishika, umerudi kwenye mwendelezo wa kawaida.

Njia ya haraka: linganisha f(a) na vikomo. Kikomo cha juu kisipozidi f(a), una nusu ya juu. Kikomo cha chini kisipopungua chini ya f(a), una nusu ya chini.

B katika namba kamili n: kushoto thamani ni n − 1, kulia ni n, na f(n) = n. Hakuna kinachopita n, kwa hiyo ni nusu endelevu kwa juu. A na E pia ni za juu kila mahali. D ni ya juu katika namba wiano na ya chini katika zisizo wiano. C katika 0 ina kikomo cha juu 1 na cha chini −1, kwa hiyo ni ya juu kama c ≥ 1, ya chini kama c ≤ −1, na kati ya hapo haina hata moja.

Kazi hii ina malipo. Funksheni iliyo nusu endelevu kwa juu kila mahali kwenye kipande funge [a, b], yaani chenye ncha zake zote mbili, hufikia thamani yake kubwa kuliko zote. Iliyo nusu endelevu kwa chini hufikia ndogo kuliko zote. Jaribu x − ⌊x⌋ kwenye [0, 1]: ni nusu endelevu kwa chini, nayo inafikia 0. Lakini mpaka wake wa juu ni 1, inaukaribia kadiri x inavyosogea kuelekea 1, kisha pale 1 inadondoka hadi 0. Haifiki kamwe.

Tahadhari: wengi hukariri kwa picha ya "nukta nyeusi juu" na "nukta nyeusi chini". Picha hiyo inasaidia kwa A na B tu. Kwa C na D itakupoteza.

## Hatua ya 4: Ruhusu kipande kihame

Fasili inataka kipande chenye a katikati yake. Je, tukikubali kipande kilicho *karibu* na a, hata kama a haimo?

f ina mwendelezo kwasi katika a ikiwa kwa kila ε > 0 na kila kipande wazi (kisichojumuisha ncha zake) U chenye a, kuna kipande wazi W ndani ya U, kisicho kitupu, ambamo |f(x) − f(a)| < ε kwa *kila* x.

B inafaulu: karibu na n, chukua W = (n, n + δ) ambapo δ haizidi 1. Humo f ni n tupu. A inaanguka katika 0, kwa sababu popote pembeni pake f ni 0 wakati f(0) = 1. C inafaulu kwa kila c kati ya −1 na 1: karibu na 0 kuna nukta nyingi ambapo sin(1/x) = c kamili, na kwa kuwa f ni endelevu katika nukta hizo, kila moja imezungukwa na kipande chake kidogo kinachofaa.

D ndiyo inayowakwamisha watu. Wanasema: katika namba wiano f = 1, na kuna mfuatano wa namba wiano unaokaribia hapo, basi imefaulu. La. Mfuatano hautoshi. Fasili inadai kipande kizima, na kila kipande wazi kina namba wiano na zisizo wiano kwa pamoja. D inaanguka kila mahali. Kwa sababu hiyo hiyo E inaanguka katika kila namba wiano.

Funksheni yenye sifa hii kila mahali ina nukta za mwendelezo wa kawaida ndani ya kila kipande, hata kiwe kidogo namna gani. Hiyo ni njia ya mkato nzuri: ukijua funksheni haina nukta hata moja ya mwendelezo, huna haja ya kutafuta W, kuna mahali sifa hii imevunjika.

Umefaulu ikiwa umeitaja W kwa mipaka yake, au umeonyesha kwa nini hakuna W inayowezekana.

## Hatua ya 5: Tupa seti nyembamba

Hii ni hatua ngumu kuliko nyingine, isome polepole.

Badala ya kuhamisha kipande, tunakibakiza pale pale lakini tunaruhusu kutupa baadhi ya x, mradi zilizotupwa ziwe chache mno karibu na a. "Chache" hapa inapimwa kwa urefu: jumla ya urefu wa zilizotupwa ndani ya (a − h, a + h), ukigawanya kwa 2h, lazima iende sifuri h inapokwenda sifuri. Zilizobaki ndizo zenye msongamano 1 katika a. Kama f ukiitazama kwenye zilizobaki tu ni endelevu katika a, basi f ina mwendelezo kadirifu hapo.

Tufanye mfano mmoja kwa mkono. Weka f = 1 kwenye kila kipande [1/2ⁿ, 1/2ⁿ + 1/4ⁿ] kwa n = 1, 2, 3, …, na f = 0 kwingineko, pamoja na f(0) = 0. Vikomo katika 0 ni 1 na 0, kwa hiyo si endelevu. Sasa chukua h iliyo kati ya 1/2ᴺ na 1/2ᴺ⁻¹. Vipande vinavyoweza kugusa (0, h) ni vile vya n ≥ N, na jumla ya urefu wao ni

1/4ᴺ + 1/4ᴺ⁺¹ + … = (4/3) · 1/4ᴺ.

Gawanya kwa h, ambayo si chini ya 1/2ᴺ: unapata kitu kisichozidi (4/3) · 1/2ᴺ. Kinakwenda sifuri. Upande wa kushoto wa 0 hakuna cha kutupa, na kugawanya kwa 2h kunapunguza zaidi. Tupa vipande vyote, f iliyobaki ni 0 tupu. Mwendelezo kadirifu upo.

Sasa nenepesha vipande viwe [1/2ⁿ, 1/2ⁿ + 1/2ⁿ⁺¹]. Kwa h = 1/2ᴺ⁻¹, jumla ya urefu ni 1/2ᴺ, nusu kamili ya h. Haiendi sifuri, na sifa imepotea. Vipande bado vinapungua na bado vinaisogelea 0. Kilichobadilika ni kasi yao tu.

C inaangukia upande huu wa pili. Chukua c = 0. Katika t = 1/x, |sin t| ≥ 1/2 kwenye theluthi mbili za katikati za kila kipande [kπ, (k+1)π]. Ukirudi kwenye x, kwa k kubwa uwiano huo unabaki karibu theluthi mbili. Yaani karibu na 0, sehemu inayokaribiana na 0 kwa chini ya 1/2 ina msongamano wa 1/3 tu. c nyingine yoyote inaanguka kwa namna hiyo hiyo.

D inashangaza: katika kila namba isiyo wiano ina mwendelezo kadirifu, kwa sababu namba wiano zote kwa pamoja zina urefu sifuri na zinaweza kutupwa bila hasara. B katika namba kamili inaanguka, kwa kuwa upande wa kushoto ni nusu ya kila kipande.

Tahadhari: "zilizotupwa zina urefu mdogo" haitoshi. Lazima ugawanye kwa 2h kabla ya kuchukua kikomo. Anayesahau kugawanya atapitisha ule mfano wa vipande vinene.

## Hatua ya 6: Pima sifa ya Darboux

Hapa unaiacha nukta moja na kutazama vipande vizima. f ina sifa ya Darboux ikiwa kila inapochukua thamani mbili, huchukua pia kila thamani iliyo kati yake, mahali fulani kati ya nukta zile mbili.

B, A, D na E zote zinaanguka upesi: zinaruka thamani. Kwa funksheni iliyo endelevu kila mahali isipokuwa nukta moja a, kuna kipimo kifupi. Kwa upande wa kushoto, f(a) iwe kati ya kikomo cha chini na cha juu vya upande huo. Na kwa upande wa kulia vivyo hivyo. Pande zote mbili zikikubali, sifa ipo. C kwa hiyo inafaulu ikiwa c iko kati ya −1 na 1, na inaanguka nje ya hapo.

Usikubali kamwe hoja kwamba "haina kuruka, basi ni endelevu". John Conway alitunga funksheni inayochukua kila namba halisi ndani ya kila kipande, hata kiwe kidogo kiasi gani. Ina sifa ya Darboux kikamilifu, na si endelevu popote.

Ukitaka kurudi kwenye mwendelezo kutoka Darboux, unahitaji msaada. Funksheni yenye Darboux ambayo pia haipungui (au haiongezeki) ni endelevu. Yenye Darboux na isiyorudia thamani hata mara moja pia ni endelevu, kwa sababu inalazimika kupanda tu au kushuka tu.

## Hatua ya 7: Jaribu kuijumlisha na kuiita derivativu

Kila derivativu ina sifa ya Darboux, hata isipokuwa endelevu. Kwa hiyo B haiwezi kuwa derivativu ya chochote kwenye kipande kinachovuka namba kamili. Kwa upande mwingine, funksheni yenye mipaka (thamani zake zote ziko kati ya namba mbili) na yenye mwendelezo kadirifu kila mahali ni derivativu ya intigrali yake (eneo lililo chini ya grafu yake).

C inatupa jibu la kupendeza. Chukua G(x) = x² cos(1/x), G(0) = 0. Kwa x ≠ 0, derivativu yake ni 2x cos(1/x) + sin(1/x), na katika 0 ni 0. Sehemu ya 2x cos(1/x) inakuwa endelevu ukiipa 0 pale 0, kwa hiyo nayo ni derivativu. Ukiitoa inabaki C yenye c = 0. Basi hiyo ni derivativu, ingawa Hatua ya 5 ilionyesha haina mwendelezo kadirifu.

Na c = 1? Kama nayo ingekuwa derivativu, tofauti ya hizo mbili ingekuwa derivativu pia. Tofauti hiyo ni A yenyewe, na A haina Darboux. Kwa hiyo C yenye c = 1 ina Darboux lakini si derivativu. Papo hapo umethibitisha jambo la pili: ukitoa funksheni moja yenye Darboux kutoka kwa nyingine, unaweza kubaki na isiyo nayo. Nusu-mwendelezo wa juu hauna shida hiyo kwenye kujumlisha, ila kugeuza alama, kutoka f kwenda −f, huufanya kuwa wa chini.

## Hatua ya 8: Andika ripoti

Kwa C, nukta 0, c = 1, ripoti iliyokamilika inasomeka hivi:

Mtikisiko 2, si endelevu. Nusu endelevu kwa juu: ndiyo, kikomo cha juu ni 1 = f(0). Kwa chini: hapana, kikomo cha chini ni −1. Mwendelezo kwasi: ndiyo, W ipo kuzunguka 1/(π/2 + 2kπ) kwa k kubwa. Mwendelezo kadirifu: hapana. Darboux: ndiyo. Derivativu: hapana.

Kila "ndiyo" ina sababu yake au hesabu uliyoifanya, na kila "hapana" vivyo hivyo. Sasa fanya hivyo kwa E katika nukta 1/3, bila kutazama juu. Ukipata mtikisiko 1/3, nusu endelevu kwa juu pekee, na "hapana" kwenye mwendelezo kwasi, kadirifu na Darboux, uko tayari kwa funksheni ambazo hazimo kwenye orodha hii.